VPN ya kulipia: kwenye simu video inafunguka, kwenye TV inagoma

Mwana wa Mwanga:
Wakuu habari za humu. Niko Kigoma, Mwanga, naombeni msaada wa kitaalamu kabla mzee hajaniona tapeli.

Baba mkubwa alikuwa fundi mitambo kwenye MV Liemba. Wasioijua, ni ile meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha mpaka hapa kwetu na kuungwa upya. Sasa kituo kimoja cha televisheni huko Ujerumani kimeweka mtandaoni makala ya meli hiyo, na wameingia hadi chumba cha injini. Ila wanaoruhusiwa kuitazama ni walioko huko tu, na chini ya video kuna tarehe ya mwisho. Ikipita, wanaiondoa.

Nikalipia VPN ya mwezi, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta (seva) ya nchi nyingine uonekane uko huko (kampuni siitaji). Nachagua seva ya Frankfurt, kwenye simu inacheza safi kabisa. Lakini mzee macho yameshachoka, kioo cha simu hakimsaidii, anataka TV ya sebuleni. TV nimeiunga kwa hotspoti ya simu hiyohiyo yenye VPN. Nikibonyeza kile kialama cha kurusha kwenye TV, jina la kipindi linatokea, duara linazunguka, mara maandishi ya Kijerumani: video hii haipatikani nchini kwako. Simu ileile, bando lilelile! Huduma kwa wateja wao wimbo ni mmoja tu, "badilisha seva". Nimehamia Berlin, bado.

Nawasilisha.

Kapuku Mstaafu:
Seva zenye watu wengi anwani zake zinajulikana, vituo vinazifungia. Jaribu usiku wa manane.

Mwana wa Mwanga:
Mkuu, ingekuwa hivyo si hata simu ingegoma?

Mgebuka Mkavu:
Mwakeye ndugu. Seva haina kosa, iache ipumzike.

Ukibonyeza kile kialama, simu hairushi picha yoyote. Inaiagiza TV tu: video iko mahali fulani, kaichukue mwenyewe. TV inatoka kwenda kuichukua, na hapo ndipo inapokamatwa, maana kwenye simu nyingi za Android hotspoti haiwapitishi wageni ndani ya VPN. VPN ni ya simu yenyewe. Anayejiunga kwa hotspoti anatokea moja kwa moja kwenye mtandao wa laini yako. Kituo kinaona anwani ya IP (namba inayoonyesha umeingia mtandaoni kutokea wapi) ya Tanzania, kinafunga mlango.

Usiniamini kwa maneno. Fungua kivinjari cha TV, tafuta tovuti yoyote ya kuonyesha anwani ya IP, kisha fanya hivyohivyo kwenye simu. Simu ikisoma Ujerumani na TV ikasoma Tanzania, mchawi umemwona.

TV yako kama ni ya Android, pakua programu ya VPN humohumo kwenye TV, ingia kwa akaunti uliyolipia. Kama si ya Android, azima laptop, weka VPN kwenye laptop, chomeka waya wa HDMI. Kuakisi kioo cha simu nako kunawezekana, ila video zenye ulinzi huwa zinatoa sauti na picha nyeusi. Kwenye laptop ikigoma, zima IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za IP: kuna VPN zinazobeba IPv4, ule wa zamani, peke yake, ile mpya inavuja pembeni na kukuchongea.

Halafu asije mtu akakuuzia ile huduma ya kubadilisha DNS tu (mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP). Nyingi zinamtambua mteja kwa anwani yake ya IP, na laini zetu za simu watu kibao wanatumia anwani moja, tena inabadilikabadilika. Utalipa na kulia.

Bando: picha ya kawaida inakula karibu GB 1 kwa saa, HD inaweza kufika 3. Mzee mpe ya kawaida.

Mtu wa Tabora:
Msisahau TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Oktoba 2023 walitangaza kwamba watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi ule. Fuatilia hilo.

Na vituo havifungi kwa roho mbaya, haki za kuonyesha zinanunuliwa kwa nchi. Mimi ningemwandikia barua pepe mtayarishaji, jina lake huwa mwishoni mwa makala. Mwambie una mzee aliyefanya kazi mle ndani. Wengine wanatuma nakala bure.

Mwana wa Mwanga:
Mrejesho wakuu. Mgebuka, umemaliza: simu Ujerumani, TV Tanzania, na TV yenyewe si Android. Nimeazima laptop ya shemeji, ikagoma kwanza, nilipozima IPv6 ikafunguka. Mzee kaisimamisha kwenye chumba cha injini, anagombana na mtangazaji na Kijerumani hasikii hata salamu. Eti yeye kahudumia injini ya dizeli, ya mvuke iling'olewa miaka ya 1970, hao wanamsifia nani?

TCRA naifuatilia, na barua pepe kwa mtayarishaji imeshakwenda, maana mzee anataka nakala yake mwenyewe.

Waya wa HDMI ni mfupi, laptop imekaa kwenye stuli katikati ya sebule, watoto wanaikanyagia. Mwenye waya wa mita tano, awe Mwanga au Ujiji, aje PM na bei.