Naomba ushauri: rangi ya bei ghali ina faida kweli au napoteza hela?

Habari zenu wakuu, niko Dodoma huku Nzuguni, nyumba ya vyumba vitatu imeshapigwa plasta na skimu (ule upako laini wa mwisho juu ya plasta) ndani, sasa nimefika kwenye rangi na ndio kichwa kinauma.

Fundi anasema nichukue ile emalsheni (rangi ya maji) ya kawaida ndoo ya lita 20 nipige koti tatu yaishe, ila dukani wananiambia nichukue silki ya ndani (yenye mng'ao kidogo, inayofutika) na weatherguard ya nje (ya kuhimili jua na mvua), bei karibu mara tatu. Nyumba niliyopanga ilipigwa hiyo ya kawaida, ukiegemea ukuta shati linatoka na unga mweupe kama chaki, na watoto wakichafua ukifuta na kitambaa chenye maji rangi nayo inaondoka, inaniuma sana maana sitaki kurudia hayo kwangu. Na mnajua vumbi la huku kuanzia mwezi wa saba upepo ukianza, halafu jua.

Nilichowaza ni silki sebuleni, korido na chumba cha watoto, vyumba vingine na dari niweke ya kawaida. Nje ndio sijui kabisa, kuna upande wa magharibi unapigwa jua kuanzia mchana hadi jioni na chini ukuta umeanza kutoa chumvi (ule unga mweupe wa unyevu).

Waliopaka ya bei miaka minne mitano iliyopita, bado iko vizuri? Na hiyo chumvi nianze na praima (rangi ya kwanza ya chini) gani, au rangi yoyote itabanduka tu?