Ditekta kwenye mahame ya babu, kila hatua inalia msumari

kijana_uyui: Wakuu habari zenu. Kwetu Uyui, Tabora, mahame ya babu yapo mpaka leo, walihamishwa 1974 kwenye Operesheni Vijiji, imebaki miembe minne na msingi basi. Nimeazima ditekta, ile mashine inayolia ikikuta metali ardhini, kwa jamaa wa machimboni, Jumamosi nzima inalia tu, nachimba msumari, nachimba kizibo cha soda, nachimba msumari tena. Jioni ndo nikapata sarafu moja ya njano hivi, ina taji, 1916 na herufi T. Mimi sitafuti dhahabu, nataka vitu vya babu na bibi nimwoneshe mama. Misumari naiepukaje? Na hiyo sarafu ni ya nini?

MzeeWaReli: Hongera sana kijana, hiyo ni heller 20 ya Mjerumani na T ni Tabora yenyewe! Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, Mwingereza kafunga bahari, hela toka Ujerumani haziingii, ikabidi wazipige huko huko Tabora, na dhahabu ya rupia 15 yenye tembo nayo ilipigwa huko. Heller 100 ndo rupia moja. Mwezi wa 9 mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini. Usiisugue na mchanga wala limao tafadhali, utaiua, iache na kutu yake.

fundi_sahani: Toka kwenye msingi kwanza, pale bati na misumari vimeoza vyote. Anza chini ya miembe walipokuwa wanakaa, halafu njia ya kisimani, halafu jalalani. Punguza nguvu ya mashine, tembea taratibu, sahani, kile kiduara cha chini ya mashine, iguse majani kabisa. Unaweza kuiambia isisome chuma, ila ukifika jikoni rudisha, maana jembe na kisu cha bibi navyo ni chuma na ukizima unavipita hivi hivi. Na ukichimba rudishia udongo jamani.

Mama_K: Mwanangu, kabla hujarudi uliza wazee makaburi yapo upande gani. Na usitangaze hapo kijijini, watakuja wale wanaotafuta mali eti ilifichwa na Mjerumani wachimbue mpaka mizizi ya miembe, kwetu walifanya hivyo nikaumia mno. Halafu kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964, ukikutana na kitu cha kale zaidi, cha kabla ya 1863, simama hapo hapo uwaone wahusika, usiendelee kuchimba kienyeji.

kijana_uyui: Asanteni sana, shikamoo Mama K, shikamoo mzee. Nimempigia mama saa hii, kasema makaburi yako ng'ambo ya kisima kwa hiyo huko sigusi, na jiko lilikuwa kwenye ule mwembe ulioinama. Kumbe bibi alipoteza bangili yake ya shaba siku ile ya kuhama, aliitafuta mpaka lori likamwacha akatembea kwa miguu. Mama hajawahi kunisimulia hii. Jumamosi naanzia hapo jikoni.