Mjadala: Watalii waingie misikitini Mji wa Kale, au waishie mlangoni?

Mleta mada: Mtalii akifika Mombasa hulipa kiingilio Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, akatembezwa kila pembe. Kisha hupita mitaa yetu mpaka Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ni wa 1570, mkongwe kuliko ngome yenyewe. Hapo huupiga picha ule mnara uliochongoka, akenda zake. Kwao hurudi na habari za Mreno tu. Nasema hivi: asubuhi, wakati hakuna sala ya jamaa, wafunguliwe kwa idhini ya kamati. Sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, kwetu asiye Mwislamu huingia msikitini akiruhusiwa na Mwislamu, isipokuwa wa Makka. Ujumbe wa Thaqif, kabila la Taif, Mtume (s.a.w.) aliupokea msikitini, na hawajasilimu bado.

Mama wa Kibokoni: Dalili yako siipingi, mwanangu. Ila Thaqif walikuja kusikiliza dini. Hawa waja na kaptura na kamera, hata milango ya nyumba zetu wachungulia. Na kesho kamati itabandika bei.

Mkaazi wa Kuze: Bei ina ubaya gani, mama? Msikiti mkuu wa Kampala mgeni hulipa, mwanamke huazimwa nguo ya kujisitiri, na mnarani wapanda. Hapa hapa kwetu, hekalu la Wajaini, watu wa dini yenye asili ya India, lina masharti yake: viatu unavua, vitu vya ngozi unaacha nje. Wageni wayafuata bila ugomvi. Sisi masharti hatuna, tuna waelekezi wanaosema "ingia tu" kwa ajili ya bakshishi.

Mpita njia: Ngome ina Makumbusho ya Taifa ya kuitunza. Zulia la msikiti likichafuka, ni waumini wachange?

Mleta mada: Kwa hiyo kiingilio kiwe cha zulia na chokaa, na hesabu isomwe hadharani kila Ijumaa.

Mama wa Kibokoni: Haya, nijibuni na hili. Misikiti kadhaa ya hapa mjini mimi niliyezaliwa hapa sina pahali pa kusalia ndani. Mgeni mwanamke ataingia kwa tikiti, mimi nipite nje na buibui langu?

Mleta mada: Hilo mama ni la kamati, si la watalii.

Mama wa Kibokoni: Kamati ndiyo hiyo hiyo unayotaka ishike mlango na pesa.