Waajiri wa Mwanza, acheni kuwatumia wataalamu wageni kwa ahadi hewa ya kibali

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayeona maneno makali anivumilie.

Mimi ni Msukuma wa Magu, tunaishi Buhongwa. Mume wangu ni Mjaluo wa Kisumu, injinia wa mitambo, na alichobobea ni majokofu ya viwandani, yale ya amonia yanayogandisha minofu ya sangara kabla haijasafirishwa kwenda Ulaya. Mji wenye viwanda vya samaki kama huu wetu, nilidhani mtu wa namna hiyo atagombaniwa. Kweli anagombaniwa, ila usiku tu.

Kiwanda kimoja (sikitaji, mtaniunguzia) kilimwita mara tu alipohamia. Wakamfanyia usaili, wakampa kofia ya kazi, wakamwambia kibali cha kazi kinashughulikiwa, "kwa sasa tushike mkono kidogo." Tangu hapo ni deiwaka, kibarua wa kuitwa wakimhitaji tu. Kompresa ikizima saa nane usiku, meneja ananipigia mimi: "Shemeji, mwamshe mzee, samaki wanaharibika." Mzee anaamka. Anaingia chumba cha mitambo kunanuka amonia, gesi ambayo ukiivuta vibaya inaunguza mapafu, bila bima wala mkataba. Asubuhi anapewa elfu thelathini kwenye bahasha na soda. Soda, jamani!

Akiulizia kibali anapigwa danadana. Kwanza walitaka shahada itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ikatambuliwa. Wakasema Bodi ya Wahandisi (ERB), akaanza kuhangaika nayo. Juzi kaambiwa eti bosi yuko safari.

Sasa nielezeni. Kwa sheria ya ajira za wageni ya 2015, anayemwombea mgeni wa kuajiriwa kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi ni mwajiri. Mume wangu hawezi kwenda mwenyewe dirishani akasema nipeni. Mwajiri anatakiwa pia aonyeshe mpango wa kurithisha ujuzi huo kwa Mtanzania, na hapo ndipo wengi wanapokwama, maana kumfundisha kijana wa hapa ni gharama, kumwita deiwaka wa Kisumu ni bei ya bahasha. Kamba yote iko mkononi mwao na wanaijua. Alipogoma mwezi uliopita, meneja huyohuyo wa "shemeji" akamwambia aangalie asije akakutana na Uhamiaji. Karatasi zake za kukaa ziko sawa, ila kukaa si ruhusa ya kufanya kazi, na wakimkuta na spana mkononi atakayerudishwa mpakani Sirari ni yeye.

Najua mtakuja na "si ajiajiri". Ajiajiri wapi? Julai 2025 Serikali ilitangaza biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, na ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki umo. Mwambie fundi friji mgeni afungue karakana Igoma uone kama majirani hawatampigia simu mtendaji.

Wengine mtasema achukue uraia kwa kuwa ameoa hapa. Nilikuwa na ujinga huohuo. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa ndoa. Mwanaume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Yaani kaka yangu angeleta mke kutoka Kisumu, wifi angeomba. Mimi kwa sababu ni mwanamke, ndoa yangu haimfikishi popote. Na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu Julai 2010, wahandisi wakasaini na mkataba wao wa kutambuana sifa kati ya nchi! Angezaliwa upande huu wa mpaka, Shirati kwa Wajaluo wenzake wa Rorya, ziwa lilelile, samaki walewale, asingeulizwa kitu.

Kwa wale wa "Wakenya wanatuchukulia ajira", sawa, muajirini Mtanzania. Kwa moyo wote. Mlipeni mshahara, mkatieni NSSF, msimwite usiku kama mganga. Ninachokataa ni kukataa kumwajiri mtu huku mnamfanyisha kazi.

Mwenye nyumba naye amesikia mume wangu ni mgeni, kodi ya miezi sita imegeuka ya mwaka. Hilo nitalifungulia uzi wake.

Ninachotaka hapa: nani anaijua kampuni ya Mwanza, Geita au Musoma iliyowahi kumwombea mtaalamu mgeni kibali mpaka kikatoka? Na mwanasheria wa kazi asiyeanza na "toa kwanza ya kufungulia faili"? Njoo PM. Meneja, najua humu unasoma: namba yako nimeshaiblock, kompresa ikizima mpigie bosi wako huko safarini.