Oili ya gia boksi kwenye gari kuukuu: nimwage mwenyewe, niflashi kwa mashine au niiache?

BabaWatatu: Wakuu salaam. Nina Noah ya familia, imeshatembea kilomita 210,000. Siku hizi gia inachelewa kuingia asubuhi. Tangu niinunue sijagusa oili ya gia boksi. Spana ninazo. Nimwage ya kwenye sampo (lile bakuli la chini ya gia boksi) niweke mpya, nipeleke ikaflashiwe, yaani mashine isukume nje oili ya zamani, au niiache? Kuna jamaa kaniambia nikibadilisha ndiyo nimeiua.

SpanaKumi: Ya mwaka gani mkuu? Gia nne au CVT (ile ya mkanda, isiyo na hatua za gia)? Noah zipo za aina zote mbili na oili zake haziingiliani kabisa. Halafu umeipima oili, au unauliza tu?

DadaMwendo: Na inachelewa kuingia D (mbele) au R (nyuma)? Ikishapata moto inakuwaje? Unamleta mgonjwa husemi anaumwa wapi.

BabaWatatu: R zaidi. Oili imekuwa ya kahawia ila hainuki kuungua. Nadhani ni gia nne.

SpanaKumi: "Nadhani" 😂

MzeeWaGrisi: Kama ni gia nne, achana na mashine, mwaga mwenyewe. Gari ikae tambarare. Mwaga yote itakayotoka kwenye chombo chenye vipimo, urudishe kiasi kilekile. Nyingine inabaki kwenye toko konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi), kwa hiyo kwa mara moja hubadilishi yote. Tembelea wiki kadhaa, rudia. Ukishusha sampo tazama ile sumaku ndogo: unga laini wa kijivu usikutishe, ila ukikuta vipande vya chuma, oili mpya haitakusaidia. Kupima ni injini ikiwa inaunguruma na imepata moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P.

Kijana_Turbo: Mzee, hiyo ni kuchanganya mpya na uchafu. Flashi inatoa karibu yote siku moja.

DadaMwendo: Flashi niulize mimi. Yangu ni CVT. Niliipeleka gereji fulani, nikawaambia kabisa ni CVT. Fundi akajibu "dada, oili ni oili". Wakaunga mashine, wakajaza ATF ya kawaida, ile oili ya gia boksi otomatiki zisizo CVT. Narudi nyumbani gari linatetemeka kila nikiondoka, mlimani linanguruma haliendi. Kurudi pale, naambiwa "gia boksi yako ilikuwa imeshachoka". Ilibidi imwagwe yote tena, na mtetemo haujaisha mpaka leo. Sasa hivi nanunua oili mwenyewe na nasimama pale pale kopo likifunguliwa.

Kijana_Turbo: Hapo kosa ni oili, siyo mashine.

MzeeWaGrisi: Na hilo la "ukibadilisha unaiua", watu husubiri gia zianze kuteleza ndiyo wakumbuke oili. Ikifa wiki inayofuata, lawama anabebeshwa oili.

BabaWatatu: Nimewaelewa. Wikiendi hii naipandisha kwa jeki na tofali.

SpanaKumi: Tofali?! Linapasuka bila taarifa. Tafuta stendi ya chuma ya kushikilia gari.

Kijana_Turbo: Mimi natumia gogo miaka yote.

DadaMwendo: Gogo bora kuliko tofali, stendi bora kuliko gogo. Na baba, kabla hujamwaga hakikisha pa kujazia panafunguka, usije ukabaki na gia boksi kavu.

Mpya_Mjini: Samahani kuingilia, yangu maji ya rejeta yanapungua na sioni yanapovujia. Inaweza kuwa nini?

SpanaKumi: Gari gani?