AC inapuliza lakini haipozi, gesi inaongezwa kila mara na bado. Shida ni gani?

kaskazi_tudor

Salaam aleikum wadau, naomba msaada wenu manake hapa nilipo nimekwama. Nina split (AC ya vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje) ya 12000 BTU, hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza, chumbani kwa mamangu hapa Tudor, Mombasa, gorofa ya juu kabisa, juu yetu ni slabu halafu jua. Mamangu ni mtu mzima na ana presha, na joto hili la kaskazi halimpi usingizi kabisa. Asubuhi AC inapoza vizuri tu, ikifika alasiri inaanza kupuliza upepo wa kawaida, yaani kama feni, mpaka usiku wa manane ndo inapata nguvu kidogo. Fundi alikuja akasema gesi imeisha akaongeza, ikapiga baridi kama friji, baada ya wiki chache tukarudi palepale, akaja tena akaongeza tena, na sasa imerudi vilevile. Ameniambia ninunue mpya manake hii "inakula gesi". Haijazeeka hivo. Kibandiko cha mashine ya nje kimeandikwa R410A, ndo aina ya gesi yake. Rimoti nimeweka 16. Filta naosha mwenyewe. Je ni kweli AC inaweza kuwa inakula gesi, ama kuna kitu hakiangaliwi? Pesa ya mashine mpya si kidogo na nisingependa kuitoa kama hakuna haja.

---

fundi_baridi

Waaleikum salaam kaka, pole na mpe pole mama.

Nianze na hilo la kula gesi. AC haili gesi. Gesi si petroli, haichomwi, inazunguka tu ndani ya mabomba, ndani inachukua joto la chumba, nje inalitupa, halafu inarudi, na ni ileile tangu siku mashine ilipofungwa. Ikipungua basi kuna mahali inatoka, hakuna maelezo mengine. Kwa hivo fundi anayeongeza gesi bila kutafuta inatokea wapi amekuuzia baridi ya wiki chache, na mimi hili linaniuma sana manake nakutana nalo kila kaskazi, watu wanalipa tena na tena kwa kitu kingetengenezwa mara moja.

Lakini pia usikimbilie kusema ni gesi. AC nyingi ninazoitiwa kwa "gesi imeisha" gesi imo, shida ni hewa haipiti. Hebu nitizamie haya kisha urudi:

Kwanza rimoti, hakikisha iko kwenye alama ya theluji, si tone la maji wala feni. Na hio 16 toa weka 24. 16 haifanyi ipoze haraka, inafanya tu kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, isipumzike.

Pili chukua kipimajoto chochote, washa AC robo saa madirisha yakiwa yamefungwa, pima hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini. Tofauti ikiwa digrii 8 mpaka 12 mashine inafanya kazi na shida ni chumba. Hapa kwetu unyevu ukiwa mwingi tofauti inaweza kupungua kidogo na si ugonjwa, mashine inatumia nguvu nyingi kukausha hewa, ndo maana unaona maji mengi kwenye paipu ya kutolea. Hayo maji nayo ni ushahidi, yakitoka mengi koili (yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa) ni baridi, yakikatika kabisa siku ya unyevu ujue kuna jambo.

Tatu nenda mashine ya nje. Feni inazunguka? Kompresa inanguruma? Mgongoni kwake kumeziba? Halafu tizama yale mabomba mawili ya shaba pale yanapoingia, jembamba na nene. Yote mawili kwa kawaida yanakuwa ya baridi, yanatoa jasho. Jembamba likishika barafu na nene likawa kavu halina baridi, hapo ndo nitaanza kuongea habari ya gesi.

---

mama_kizingo

Mwanangu mimi si fundi ila nimeishi na AC karibu na bahari miaka mingi. Hio mashine yako ya nje imeelekea wapi? Yetu ilikuwa inatazama baharini, upepo wa chumvi unaingia moja kwa moja, vile vibati vyembamba vya mgongoni vikawa unga, yaani ukivigusa vinamomonyoka mkononi. Hapo hakuna cha gesi wala nini, joto halina pa kutokea. Tuliponunua nyengine tuliifunga upande wa pili wa nyumba, ukuta unaikinga, na kijana wangu anaimwagia maji ya bomba ya kawaida mara kwa mara, anazima kwenye swichi kubwa kwanza. Si maji ya kisima yenye chumvi, hayo unaongeza maradhi.

Na filta kuosha ni vizuri ila fungua kifuniko utizame kwa tochi ile roli ndefu ya feni ndani. Yetu ilikuwa imeganda vumbi jeusi kama masizi, hewa ikawa dhaifu na chumba kinanuka uvundo. Filta safi kabisa, roli imeziba.

Mwambie mama anywe maji sana na alasiri akae upande ule wa nyumba wenye kivuli mpaka mtengeneze. Mtu mzima mwenye presha hawezi kungojea fundi ndani ya chumba kama hicho.

---

kijana_wa_bamburi

Kaka toa hio weka 18000 ama 24000 umalize mambo. Gorofa ya juu chini ya slabu 12000 haiwezi.

---

fundi_baridi

Kijana, hapo sikubaliani nawe. Kama chumba ni cha kawaida cha kulala 12000 inatosha, na ushahidi anao mwenyewe, asubuhi inapoza. Halafu Mombasa mashine kubwa kupita kiasi ina shida yake, inapoza upesi inajizima kabla haijakausha hewa, mnabaki na chumba baridi lakini kizito, shuka zina unyevu, kuta zinaota ukungu. Hasa kama si inveta, ile inayopunguza kasi yenyewe badala ya kujizima.

Kuhusu slabu umesema kweli kiasi. Zege linakunywa jua mchana kutwa halafu linalitema ndani kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku. Dari ya ndani ama hata kupaka rangi nyeupe juu kunasaidia sana. Lakini hilo halielezi kwa nini fundi akiweka gesi inapoza wiki chache halafu inakufa.

---

mjiwakale_kibarazani

Yangu ilikuwa na dalili kama hizo ikatoka kuwa ni kapasita, kile kimkebe cha umeme kinachosaidia kompresa kuwaka. Mchana joto likizidi kompresa inajaribu kuwaka, unasikia mmm kisha tak, inanyamaza, baada ya dakika kadhaa tena mmm tak. Feni ya ndani inaendelea kupuliza kwa hivo unadhani AC inafanya kazi kumbe ni upepo mtupu. Kapasita ilikuwa imevimba juu kama mkebe wa samaki ulioharibika. Ilibadilishwa kwa pesa ndogo sana ukilinganisha na gesi. Tega sikio pale nje alasiri, ni kitu cha dakika chache.

---

fundi_baridi

Umesema vyema ndugu yangu, naongeza mawili tu. Usiifungue mwenyewe, kapasita inabaki na umeme hata ukishazima na unaweza kukupiga vibaya. Mwenye mita anaitoa chaji kwanza halafu anapima, ikiwa imeandikwa mikrofaradi 35 na inasoma 25 basi hio imekufa hata kama haijavimba. La pili ni stima yenyewe. Yetu inatakiwa iwe 240, lakini kuna mitaa jioni watu wakiwasha kila kitu inashuka sana na kompresa haiwezi kuwaka. Kaka wa Tudor ukiweza pima volti alasiri AC ikiwa imewaka.

---

kaskazi_tudor

Ahsanteni sana wote, nimefanya kama mlivosema na nimejifunza mengi leo.

Rimoti iko sawa, theluji. Nimeweka 24. Kipimajoto: alasiri hewa inaingia 31 inatoka 27, kwa hivo tofauti ni 4 tu. Volti 232, haikushuka. Mama kizingo, mashine ya nje iko kwenye kibaraza inatazama barabara, vibati vizima lakini mgongoni kulikuwa na blanketi la vumbi, ng'ambo wanajenga. Nimezima nikaiosha polepole kwa paipu ya kawaida, maji yametoka kama chai ya maziwa. Nimewasha tena, tofauti ikapanda mpaka 6 basi. Roli ya ndani si mbaya. Kompresa inanguruma bila kukatika, feni ya nje inazunguka.

Sasa mabomba: jembamba limeshika barafu nyeupe pale kwenye nati, nene ni kavu na lina joto la kawaida. Na kitu kimoja nimekiona, ile nati ya bomba nene kwa nje ina mafuta mafuta na vumbi limeshika hapo tu, mahali pengine pakavu. Nikapaka povu la sabuni ya vyombo. Linatoa viputo vidogo vidogo, polepole lakini havikomi.

---

fundi_baridi

Umemaliza kazi kaka. Hio ndo inayovuja.

Gesi inazunguka pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hivo inapotoka hewani mafuta yanabaki yakinasa vumbi. Ukiona nati yenye mafuta umeshaona tundu. Na inaeleza yote uliyosema: gesi ikiwa chache asubuhi chumba hakina joto jingi inajikongoja inaweza, alasiri slabu imewaka moto inashindwa, usiku inapata nafuu. Vumbi la mgongoni lilizidisha.

Sasa sikiza vizuri, manake hapa ndo watu wanaibiwa. Akija fundi usikubali akaze nati kisha aongeze gesi juu ya ileile. Mwambie hivi: gesi iliyobaki aitoe kwa mashine ya kunyonyea akaiweke mtungini, asiiachilie hewani, R410A inashika joto la dunia zaidi ya mara elfu mbili kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule. Kisha akate ile ncha ya shaba atengeneze mdomo mpya, mara nyingi ule wa zamani umepasuka ama ulikazwa kwa nguvu za mkono bila spana ya kipimo. Ajaze naitrojeni, gesi ya kujaribia kama kunavuja, aiache imeshikilia presha muda wa kutosha, geji isishuke, na apake sabuni kwenye nati zote nne si hio moja. Halafu avute vakyumu kwa pampu, yaani anyonye hewa na unyevu wote uliomo ndani ya mabomba. Akikwambia atatoa hewa kwa kufungua gesi kidogo isukume, mwambie ahsante aende zake, unyevu ukibaki ndani ya bomba unachanganyika na mafuta yale na kuharibu kompresa taratibu.

Mwisho gesi aiweke kwa mizani. Uzito umeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, kwa gramu ama kilo, na bomba likiwa refu kuliko la kiwandani anaongeza kidogo kwa kila mita kama kitabu kinavosema. R410A ni gesi mbili zimechanganywa nusu kwa nusu, kwa hivo inatoka mtungini ikiwa majimaji, chupa nyingi unaipindua. Fundi asiye na mizani anabahatisha, na gesi ikizidi ni balaa vilevile.

---

mama_kizingo

Mungu akubariki fundi kwa kueleza wazi. Wengi wetu wanawake tuko peke yetu nyumbani fundi akija, anaongea maneno makubwa unaitikia tu unatoa pesa. Sasa nikisikia gesi imeisha nitauliza, "imetokea wapi?"

---

kaskazi_tudor

Nimerudi wadau. Nilimpata fundi mwengine, nilipomuuliza kwa simu kama ana mizani na pampu ya vakyumu akasema ndio bila kusita, na alikuja navyo kweli. Mdomo wa shaba alionionyesha ulikuwa na ufa kama unywele, ungeupita tu usipoushika karibu na mwanga. Ameutengeneza upya, naitrojeni ikashika, vakyumu, gesi kwa gramu kama kibandiko. Sasa saa tisa alasiri inaingia 29 inatoka 18, bomba nene linatoa jasho, maji yanatiririka. Mamangu analala mchana sasa, jambo ambalo hakuliweza tangu kaskazi ianze. Wallahi sijui niwashukuruje.

---

fundi_baridi

Alhamdulillahi. Mgongo wa mashine uoshe kila mwezi mpaka wamalize ujenzi wao ng'ambo, na nati ile itizame baada ya wiki kadhaa, ikiwa kavu haina mafuta basi mambo yamekaa sawa.

---

mtwapa_kwetu

Fundi samahani naingilia, mimi ninayo AC ya zamani ya gesi ya R22 inavuja pia, fundi wangu anasema atanijazia R410A kwa vile R22 imekuwa shida kupata. Nimkubalie?

---

fundi_baridi

Hapana, mkataze kabisa. R410A inafanya kazi kwa presha kubwa zaidi, kama mara moja na nusu ya R22, mashine yako haikujengwa kuibeba na hata mafuta ya kompresa hayaelewani. R22 inaondolewa duniani kote kwa sababu ya tabaka la ozoni, kwa hivo itazidi kuwa ghali. Tafuta inapovuja. Ikiwa ni kwenye nati, tengeneza, rudisha R22 kwa uzito wake, itakusukuma. Ikiwa koili imetoboka kwa chumvi, usitie pesa hapo, nunua ya gesi ya R32 na muulize anayeifunga kama amewahi kushughulika nayo, manake hio inaweza kushika moto kukiwa na cheche karibu.