Tupeane uzoefu: siku seva ya nyumbani ilipogoma kutranskodi mbele ya wageni

MzeeWaKontena
Wakuu, jana shemeji kaja na familia. Watoto wako mkekani, juisi imeshamiminwa, nabonyeza video ya harusi yao na duara linazunguka tu: seva imeshindwa kutranskodi, yaani kuigeuza video papo hapo iendane na kifaa. Nikajifanya naenda chooni, nikapitia chumbani. Feni inalia kama mashine ya kusaga, prosesa 100%. Mashine ni kompyuta iliyotoka ofisini yenye prosesa ya Intel i5-6500, inaendesha Jellyfin (programu ya kurushia video nyumbani), na Quick Sync, ile ya kuiachia chipu ya picha ya Intel kazi ya video, nimeiwasha. Mpiga video alitupa faili la 4K, HEVC (aina ya kubana video) ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi ya biti 8. Nikiweka tiki kwenye hiyo biti 10 video inakataa kabisa, nikiitoa inacheza kwa kukwamakwama. Nimeishia kuwapitishia picha kwenye simu. Niambieni siko peke yangu.

KasukuWaKisauni
Haupo peke yako. Mimi seva yangu ni kikompyuta cha Raspberry Pi 5. Msiniulize zaidi.

Mchonga_Waya
@KasukuWaKisauni nakuuliza hivyohivyo. Pi 5 haina kabisa sehemu ya kusimba (kuandika upya) video ya H.264, ile inayochezwa na karibu kila kifaa; waliitoa. Pi 4 ilikuwa nayo. Wewe umepanda daraja kwenda chini.

KasukuWaKisauni
Ndiyo maana nikasema msiniulize.

Mchonga_Waya
Mzee, wewe huna kosa la mipangilio. Kizazi cha 6 cha Intel kinafungua HEVC ya biti 8, basi. Biti 10 inaanzia kizazi cha 7. Ukienda dukani usiseme "nataka i5", soma namba: 7500 sawa, 6500 hapana, hata kama makasha yamefanana kama mapacha.

Jirani Mtulivu
Na angalieni herufi ya mwisho. Mimi nilijibana miezi minne nikachukua i5-10400F. Nikatafuta /dev/dri, pale Linux inapoifikia chipu ya picha, usiku kucha. Haipo. Hiyo F maana yake ndani hamna chipu ya picha.

Dogo Janja wa Waya
F ya fedheha 😂

FundiKimya
Mimi ni kadi ya picha ya GT 1030. Muuzaji kaniambia "hii ni Nvidia, inatranskodi zote". Nimefika nyumbani, nimeweka draiva, video inagoma. Nimefuta draiva nikaweka upya mara tatu. Nimebadilisha hadi mfumo mzima. Siku ya nne ndiyo nasoma kwenye jedwali lao wenyewe Nvidia: 1030 haina NVENC. Inafungua video tu, kusimba haijui. Na kuichomeka tu hiyo kadi, bayosi ikazima chipu ya Intel niliyokuwa nayo, ambayo kumbe ilikuwa inatosha!

BintiMakorora
Nimesoma neno "wageni" hapo juu nikakumbuka ya kwangu. Itakuwa ndefu.

Mama alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Kwenye arobaini nikaweka kwenye seva video moja aliyorekodiwa na mdogo wangu kwa iPhone: mama amekaa barazani, ungo mapajani, anachambua mchele huku anaimba kaswida kwa sauti ya chini. Dakika sita. Nikatuma kiungo kwenye kundi la familia, Tanga, Dar, Muscat, Toronto. Kwenye simu yangu inacheza safi, kanga yake ya rangi ya chungwa inang'aa.

Sikujua kwamba kwangu ilikuwa inacheza faili lenyewe. Wenzangu seva ilikuwa inawatranskodia. Na wakafungua wote kwa pamoja baada ya dua.

Mama mdogo yuko Muscat, ana kishikwambi cha zamani. Yeye akaona hivi: rangi zote zimepauka, kanga kijivu, midomo myeupe. Video ikaganda sekunde ileile mama alipofumba macho kuvuta pumzi. Haiendi mbele. Sauti hamna.

Akapiga simu analia: "Mmempiga video dada yangu akiwa maiti, halafu mnanitumia?"

Jamani. Nilikaa chini. Namweleza kuhusu HDR, zile rangi pana za iPhone, anajibu "usinifiche kwa kizungu." Mjomba naye akaanza kuuliza nani aliingia na simu chumba cha kuoshea. Siku mbili kundi halisalimiani.

Chanzo? Diski ilikuwa imekufa mwezi uliotangulia, nikaanzisha upya kontena (kifurushi cha Docker kinachoendesha seva) na kusahau kurudisha Quick Sync. Kwa hiyo i5-8500 ilikuwa inafanya kila kitu kwa prosesa tupu, na HDR ya iPhone inashushwa bila kurekebishwa rangi. Nilipoiwasha, mambo yakazidi: video haichezi kwa mtu yeyote, logi inasema "No VA display found for device /dev/dri/renderD128". Kontena haikupewa /dev/dri. Nikaipa, ikasema haina ruhusa. Namba ya kundi la render (lenye ruhusa ya kutumia chipu ya picha) kwenye mfumo mpya haikuwa ile niliyoandika zamani kwenye faili la Docker. Nikarekebisha namba, nikaweka tiki ya tone mapping, ile ya kurekebisha rangi za HDR, kanga ikarudi rangi yake. Saa tisa usiku, nimekaa peke yangu namwangalia mama anachambua mchele.

KasukuWaKisauni
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Jirani Mtulivu
Innalillahi. Mama mdogo alikubali?

Mzalendo_77
Ndiyo maana mimi natumia Plex badala ya hiyo Jellyfin, mambo haya hayapo.

Mchonga_Waya
Yapo vilevile. Kontena bila /dev/dri ni kontena bila /dev/dri. Tofauti ni kwamba Plex unalipia ndipo chipu ifanye kazi.

Mzalendo_77
Kulipia ni tatizo? Gari unalitia maji?

FundiKimya
Mtu kamsimulia mama yake nyie mnabishana Plex. Kuweni na haya.

Dogo Janja wa Waya
Dawa ni moja: usitranskodi. Usiku geuza mafaili yote yawe H.264 ya 1080p, mchana kila simu inacheza moja kwa moja.

Mchonga_Waya
Usimsikilize. Faili la asili la mama wa mtu unalibana halafu unalifuta?

Dogo Janja wa Waya
Nani kasema kufuta? Unaweka yote mawili.

Mchonga_Waya
Kwenye diski ya nani?

Jirani Mtulivu
Diski nayo ina kisa. Folda ya kutranskodia ilijaza SSD yangu ya GB 120, mfumo ukagoma kuwaka. Niliihamishia kwenye RAM, sasa inajaza RAM. Zimeni pia yale maandishi ya chini ya PGS, yaliyohifadhiwa kama picha. Ukiyawasha, mara nyingi seva inalazimika kuyachora juu ya picha na video yote inasimbwa upya hata kama tivii ingeicheza yenyewe.

MzeeWaKontena
Nimetoka kulizima hilo. Bado. Naona ni 7500 tu.

KasukuWaKisauni
Au mwambie shemeji aje na simu iliyorekodi.

BintiMakorora
@Jirani Mtulivu alikubali alipoona mdomo unachezacheza. Hakuniomba radhi, aliniuliza tu kama kuna nyingine. Zipo. Ya harusi yangu ni 4K biti 10.

MzeeWaKontena
@FundiKimya hiyo 1030 bado unayo?

FundiKimya
Mkuu, umesoma nilichoandika?